Subira Yenye Ilimu: Juu ya Maumivu Yafuatayo Chanjo

Katika mambo ambayo mwanadamu huyatenda kwa hiari yake, na huku maumbile yake yote yakimvuta nyuma, ni machache yanayostaajabisha kama hili la mtu mwenye siha, asiyeumwa na kichwa wala jino, kuondoka asubuhi kwa miguu yake mwenyewe hata zahanati, akakunja mkono wa kanzu au wa gauni, akatoa bega lake lichomwe sindano, hali akijua kuwa jioni ya siku ile huenda akarudi kitandani na homa ambayo asubuhi hakuwa nayo. Mgonjwa anywaye dawa chungu ana udhuru ulio wazi, kwa kuwa auondoa uchungu mkubwa alio nao kwa uchungu mdogo wa kupita. Lakini mzima achanjwaye huitoa raha aliyo nayo mkononi, akapokea taabu iliyo karibu, ili aepukane na balaa ambalo huenda lisingemfika kamwe. Na ajabu huzidi pale ambapo achanjwaye si mtu mzima mwenye kujichagulia, bali ni kitoto cha wiki sita kilichobebwa mgongoni, ambacho hakikuulizwa wala hakingeweza kujibu, na ambacho usiku ule kitalia kwa maumivu kiliyopelekewa na mikono ileile inayokipenda kuliko mikono yote ya dunia.

Swali lizaliwalo hapa si la matabibu peke yao. Tabibu anaweza kutwambia homa ile yatoka wapi na itakwisha lini. Lakini kama ni halali kumtia mzima maumivu, na kwa sharti gani, na kama yule aumwaye anapaswa kuyapokea kwa moyo wa namna gani, hayo ni maswali ya dini na ya hekima, nayo yamewashughulisha watu wenye akili kubwa. Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Ujerumani, katika kitabu chake cha maadili cha mwaka 1797, aliliweka jambo la kuchanja ndui miongoni mwa maswali aliyoyauliza asiyatolee hukumu: je, mtu ana ruhusa ya kuyatia maisha yake hatarini kwa tendo lake mwenyewe ili ayahifadhi? Makala haya hayadai kulimaliza swali hilo. Yanashikilia neno moja tu, kwamba subira tunayomtaka aliyechanjwa aionyeshe haiwi fadhila ila ikitanguliwa na ilimu, na kwamba aagizaye subira bila kutoa ilimu amedai kitu asichokuwa na haki nacho.

Yafaa kwanza kuyajua maumivu yenyewe. Chanjo huupelekea mwili ama kijidudu kilichodhoofishwa, ama kilichokwisha kuuawa, ama kipande chake tu, au, katika baadhi ya chanjo za miaka ya karibuni, maagizo ya kukitengeneza kipande hicho. Na mwili, usioweza kupambanua baina ya mgeni huyu asiye na nguvu na ndugu yake auaye, huanza kazi ileile ambayo ungaliifanya kama maradhi yenyewe yamebisha hodi. Damu huongezeka mahali palipodungwa, pakavimba, pakauma. Mitoki huweza kutokea kwapani. Na chembe za kinga humwaga damuni vichocheo ambavyo, vikifika katika sehemu ya ubongo ipimayo joto la mwili, huipandisha kadiri ya joto hilo, na hapo ndipo mtu hutetemeka kwa baridi ilhali ngozi yake ina moto, viungo vikamlegea, kichwa kikamgonga, na chakula kikamchukiza. Kwa walio wengi hayo huanza ndani ya siku moja yakaisha katika siku mbili au tatu. Chanjo ya surua ina desturi yake mbali: homa yake, na pengine vipele vichache, huja kati ya siku ya 7 na ya 12, wakati ambapo mama amekwisha kuisahau sindano, na ile ya kifua kikuu, itiwayo katika ngozi ya mkono wa mtoto mchanga, huota kiuvimbe baada ya wiki kadhaa, kikawa kidonda kidogo, kikakauka polepole na kuacha kovu ambalo maelfu kwa maelfu ya watu wa Afrika ya Mashariki wanalo hata leo. Wala asiyepatwa na homa asidhani kuwa chanjo haikumshika, kwa maana miili hutofautiana katika kelele zake, na ulio kimya huweza kuwa umeifanya kazi yake sawasawa na ulioungua.

Maumivu haya yana umri sawa na chanjo yenyewe. Tarehe 14 Mei 1796, huko Berkeley nchini Uingereza, tabibu Edward Jenner alimchanja James Phipps, mtoto wa miaka minane wa mtunza bustani, kwa usaha wa ndui ya ng'ombe uliotoka mkononi mwa mkamuaji maziwa aitwaye Sarah Nelmes. Na katika taarifa aliyoichapisha mwaka 1798 Jenner hakuficha kuwa siku ya saba mtoto alilalamikia kwapa lake, na siku ya tisa alishikwa na baridi, akakosa hamu ya chakula, kichwa kikamuuma kidogo, akalala usiku wa mahangaiko, na kesho yake akaamka mzima. Taarifa ile inatueleza mwili wa mtoto siku baada ya siku kwa uaminifu wa kupendeza. Ila haituelezi mtoto yule aliambiwa nini, na pengo hilo ndilo ambalo vizazi vilivyofuata vilipaswa kulijaza.

Wako waliosema, na wangaliko wasemao, kwamba kujitia homa leo kwa kuyaogopa maradhi ya kesho ni upungufu wa tawakuli, kwa kuwa ajali na afua zimo mikononi mwa Mwenyezi Mungu, na mja hana haja ya kumtangulia Mola wake. Neno hili lina sura ya ucha Mungu, walakini wakuu wa dini hawakulikubali. Sayidina Umar bin al-Khattab alipokuwa njiani kwenda Sham, akapata habari kuwa tauni imeingia katika nchi ile, alifanya shauri na masahaba kisha akaazimia kurudi. Na Abu Ubaida alipomwuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, jibu lake lilikuwa na maana kwamba kurudi kwake nako kumo ndani ya kadari ileile. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika mlango wa tawakuli wa kitabu chake cha Ihya, alizigawa sababu ziondoazo madhara katika daraja tatu: za yakini, kama maji kwa mwenye kiu, za dhana yenye nguvu, kama kuumika na dawa za matabibu, na za wahamu, akahukumu kuwa kuziacha za yakini si tawakuli hata kidogo, na kuzitumia za dhana hakuiharibu tawakuli ya mtu. Chanjo ikipimwa kwa kipimo hiki imo katika daraja ya pili, na baadhi yake, kama ile iliyoifuta ndui katika uso wa dunia, imeikaribia ya kwanza.

Lakini kuihalalisha dawa si kuihalalisha kila namna ya kuitoa. Katika Sura ya Kahaf imo habari ya Nabii Musa na mja mwema ambaye wafasiri humwita Khidhri, nayo ndiyo iliyo karibu na jambo letu kuliko nyingine niijuayo. Walipanda chombo cha maskini watafutao riziki baharini, na yule mja akakitoboa. Musa akaona vibaya, kwani alichokiona kwa macho yake ni chombo kizima kilichotiwa aibu na watu waliotiwa hatarini. Na baadaye ndipo alipofunuliwa kuwa mbele yao alikuwako mfalme aliyenyang'anya kila chombo kizima, na kwamba tundu lile ndilo lililowabakishia maskini wale mali yao. Chanjo ni tundu la namna hiyo, aibu ndogo itiwayo katika mwili mzima ili jabari apitaye akinyang'anya asiuchukue. Na Musa, ambaye alikuwa nabii, hakuweza kuvumilia; wala habari yenyewe haimlaumu kwa ulegevu wa moyo, bali tangu mwanzo hueleza sababu ya kushindwa kwake, nayo ni kuwa hakuwa na ujuzi wa lile aliloliona. Ikiwa mtu wa daraja ya Musa hakuweza kusubiri juu ya dhara asilolijua maana yake, twawezaje kumdai subira mama wa Kilwa au wa Kigoma, aliyetoka na mtoto akicheka asubuhi, na usiku mtoto yuleyule ana moto, hali kliniki hakuna aliyemwambia neno ila "lete kadi" na "mwingine apite"?

Tena mfano huu una mpaka, na mpaka wake una mafunzo kuliko mfano wenyewe. Khidhri alikitoboa chombo bila kuwauliza wenyewe wala kuwaeleza, naye alikuwa na haki hiyo kwa kuwa ujuzi wake ulitoka kwa Mungu, usio na shaka ndani yake, na mfalme yule alikuwa njiani kwa hakika. Mchanjaji si Khidhri. Ujuzi wake, ingawa ni mkubwa na umejaribiwa, ni ujuzi wa dhana yenye nguvu: ajua kuwa katika maelfu ya watoto wengi wataokoka, lakini hajui ni yupi kati yao ambaye mfalme angalimkuta, wala ni yupi ambaye tundu lenyewe litamzidi. Kwa hiyo ruhusa ya kunyamaza aliyokuwa nayo Khidhri yeye hana. Na mahali pa ufunuo panapaswa kukaliwa na maelezo, yatolewayo kabla ya sindano na si baada yake, kwa lugha ya msikilizaji, na si kwa lugha ya kijikaratasi kilichokunjwa ndani ya kisanduku cha dawa.

Wasomao Biblia wana funzo lilo hilo katika Kitabu cha Ayubu. Watu wa dini zote mbili humtaja Ayubu kuwa kielelezo cha subira, lakini asomaye kitabu kile atamkuta akilalamika, akiuliza, akidai aelezwe, sura baada ya sura. Na waliokuja kumfariji ndio waliokuwa na majibu tayari, mepesi na yasiyo ya kweli. Na mwishoni ghadhabu ya Mungu huwaangukia wafariji, si mlalamikaji. Basi kulia kwa mwenye maumivu hakuivunji subira yake. Kinachovunja amana ni faraja ya uongo. Muuguzi amwambiaye mtoto kwamba haiumi, kisha ikauma, amemfundisha mambo mawili kwa sindano moja: kwamba chanjo inauma, na kwamba neno la muuguzi si la kutegemewa, na hili la pili hukaa moyoni muda mrefu kuliko lile la kwanza lilivyokaa begani.

Hofu ya maumivu madogo imeacha alama katika tarikhi ya ulimwengu, tena katika mwambao huu wa Bahari ya Hindi. Mwezi wa Oktoba 1977, katika mji wa Merka, pwani ya Somalia, usio mbali na Barawa ambako wako wenyeji wasemao Chimwiini, lahaja ya Kiswahili, kijana mpishi wa hospitali aitwaye Ali Maow Maalin, mwenye umri wa miaka 23, alipanda gari lililowachukua watoto wawili wagonjwa wa ndui ili awaonyeshe njia, mwendo wa dakika chache tu. Na baada ya wiki mbili hivi akatokwa na vipele. Alikuwa akifanya kazi mahali ambapo chanjo ilikuwa karibu naye kuliko ilivyokuwa karibu na watu wengi wa mji ule, lakini hakuwa na kinga. Na baadaye yeye mwenyewe alieleza waziwazi kwamba aliiogopa sindano kwa kuwa ilionekana kuuma. Alipona, na hapana aliyeambukizwa naye, na hivyo akawa mtu wa mwisho duniani kushikwa na ndui kwa njia ya kawaida ya maambukizo. Tarehe 8 Mei 1980 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ukatangaza kuwa maradhi yale yametoweka. Maalin alijiunga baadaye na kampeni ya kuitokomeza polio nchini kwake, akawasimulia wazazi waliosita hofu yake ya zamani na malipo yake, na alikuwa katika kazi hiyo alipofariki kwa malaria Julai 2013. Nguvu ya ushahidi wake haikuwa katika kuwahakikishia watu kuwa sindano haiumi. Ilikuwa katika kukiri kuwa aliyaogopa maumivu, kisha kuwaonyesha ni maumivu gani makubwa zaidi aliyoyakimbilia bila kujua.

Hapa hutokea hoja yenye uzito, isiyofaa kupitwa kwa haraka. Husemwa ya kuwa ikiwa neno lina nguvu ya kuumiza, basi awahesabiaye watu maumivu kabla hayajaja huwaumiza mara mbili. Na hoja hii ina ushahidi. Januari 2022 ulichapishwa uchunguzi uliokusanya majaribio 12 ya chanjo za UVIKO-19, yenye washiriki zaidi ya 45,000, ambao karibu nusu yao walidungwa sindano isiyo na chanjo ndani yake bila wao kujua. Na katika hao, yapata 35 kwa kila 100 walieleza baada ya sindano ya kwanza kwamba waliumwa na kichwa, au walichoka, au walipata dalili nyingine ya mwili mzima. Bila shaka wamo kati yao ambao kichwa kingewauma siku ile hata kama wasingedungwa chochote. Lakini wamo pia ambao kungojea maumivu kuliwaletea maumivu, nayo hayakuwa ya uongo, kwa kuwa kichwa kiumacho kwa hofu kinauma kama kichwa kingine.

Je, basi, tunyamaze kwa huruma? Nasema hapana, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba hofu haizaliwi na habari, huzaliwa na habari isiyo na mipaka. Amwambiaye mtu kuwa huenda akapata homa, akaishia hapo, amemwachia mlango wazi usiku. Lakini amwelezaye kuwa homa hiyo ni ya siku moja au mbili, kuwa wengi hupatwa na maumivu ya mkono tu, kuwa maana yake ni mwili kujifunza, na kuwa dalili fulani na fulani ndizo za kurudi nazo zahanati, huyo ametoa habari yenye mwanzo na mwisho, na mwisho wa jambo ukijulikana nafsi hutulia. Ya pili ni kwamba kimya cha mwenye ilimu hakilizuii neno lisisemwe, bali humwachia asiye na ilimu aliseme. Na mama aliyekuta homa asiyoonywa, usiku uleule atapewa maana yake na jirani, au na sauti isiyo na jina iliyopita katika simu kumi kabla ya kufika kwake, na siku ya chanjo ya pili hataonekana.

Ukweli una sehemu iliyo ngumu kuliko hiyo, nayo ni habari ya wale wachache ambao kwao tundu halikuwa dogo. Ndui ilipoingia Boston mwaka 1721, mchungaji Cotton Mather aliitetea desturi ya kuchanja kwa usaha wa ndui yenyewe, ilimu aliyoipata kwa mtumwa wake, Mwafrika aliyeitwa Onesimus, ambaye alikuwa amemsimulia kuwa kwao alichanjwa hivyo na kumwonyesha kovu. Na tabibu Zabdiel Boylston akawachanja watu wapatao 240. Mji uliwaka hasira hata kombora likatupwa katika nyumba ya Mather. Katika waliochanjwa walikufa sita. Na katika karibu watu 6,000 waliopatwa na ndui mjini mle walikufa zaidi ya 800. Boylston aliwaandika wafu wake katika kitabu pamoja na waliopona, na kwa uandishi ule aliipa hoja yake nguvu ambayo isingepatikana kwa kuwaficha. Miaka kama 40 baadaye mwanahisabati Daniel Bernoulli alikokotoa kwamba kama watu wote wangechanjwa, wastani wa maisha ya mwanadamu ungepanda kutoka miaka 26 na miezi 7 hata miaka 29 na miezi 9. Naye mwanahisabati mwenziwe d'Alembert, hali akikubali kuchanja, aliipinga hesabu yake, akisema kwamba mtu mmoja hapimi mambo kama serikali ipimavyo, kwa kuwa hatari ya kuchanjwa iko mbele yake mwezi huu, na faida imetawanyika katika miaka ambayo hajui kama ataiona.

Tangu siku zile hatari imepungua kupita wazo la watu wale: chanjo ya ndui ya karne ya ishirini iliua mtu mmoja au wawili katika kila milioni waliochanjwa kwa mara ya kwanza, na chanjo za leo za watoto ni salama kuliko hiyo. Lakini d'Alembert hajajibiwa na udogo wa hesabu. Mmoja katika milioni, kwa serikali, ni kivuli cha tarakimu. Kwa nyumba aliyotoka ni mtoto mzima. Wala makosa ya watu hayakosekani: huko Lübeck, Ujerumani, mwaka 1930, chanjo ya kifua kikuu ilichanganyika katika maabara na vijidudu vikali vya maradhi yenyewe, watoto wachanga zaidi ya 70 wakafa, wakuu wakashtakiwa, na mwaka uliofuata, huku kilio kile kikiwa kingali katika masikio ya watu, serikali ya nchi ile ikatoa mwongozo uliowataka matabibu wamweleze mtu na kupata ridhaa yake kabla ya kumjaribia dawa mpya. Kwamba nchi hiyohiyo ilikuja kuukanyaga mwongozo wake kwa ukatili usio na mfano ni onyo kwamba kuandika haki si kuilinda.

Insafu yataka hivi: ikiwa jamii nzima hukaa salama kwa sababu kila mmoja alitoa bega lake, basi yule mmoja aliyeumia alipokuwa akilitoa ameumia kwa ajili ya wote, na wote ni wadeni wake. Mahakama kuu ya Ujerumani ya Magharibi ililiona hilo mwaka 1953, na sheria ya fidia ikafuata mwaka 1961. Uingereza ikaweka sheria yake mwaka 1979, na Marekani mwaka 1986. Na zilipogawiwa chanjo za UVIKO-19 kwa mpango wa kimataifa, mwaka 2021 ulianzishwa mfuko wa fidia kwa nchi 92 zenye kipato kidogo na cha kati. Anayemwambia mzazi wa mtoto aliyedhurika kuwa ni bahati mbaya, kisha akamfungia mlango, amewala wenziwe sadaka yao bila kushukuru. Kusikilizwa, kuandikwa, kuchunguzwa na kufidiwa si ihsani. Ni haki, na mahali ambapo haki hiyo haijawekwa, raia wana wajibu wa kuidai.

Tuje sasa kwa walio wengi, ambao taabu yao ni ya usiku mmoja au miwili. Mtu amekwisha kuambiwa, ameridhia, amechanjwa, na homa imemjia kama alivyoonywa: aipokeeje? Imepokewa kwamba Mtume alimkataza mwanamke mmoja kuitukana homa iliyomtetemesha. Na hakika homa hii ina haki zaidi ya kutotukanwa, kwa kuwa imekuja kwa mwaliko. Lakini kutoitukana si kuiabudu, wala subira si kujitesa. Mkono uumao na uchezeshwe kidogo kidogo, uwekewe kitambaa kilichorowekwa maji ya baridi. Mtu na anywe maji mengi, au uji, au maji ya dafu, apumzike, na akizidiwa ameze parasetamoli kwa kipimo chake. Mtoto na avuliwe nguo nzito, anyonyeshwe mara nyingi kuliko desturi, apewe dawa ya homa kwa kadiri ya uzito wake kama alivyoelekezwa na mtu wa afya, na aspirini asipewe. Wala haifai kuitanguliza dawa kabla homa haijaja, ila tabibu akiagiza. Kidonda cha chanjo ya kifua kikuu kisipakwe mafuta wala majivu wala mitishamba, kisikamuliwe, kisifungwe. Kiachwe wazi, kisafishwe kwa maji, na siku zitakikausha.

Na subira ina ukingo, ambao mwenye busara haupiti. Muuguzi amwambiaye mtu aketi robo saa kabla ya kuondoka hamcheleweshi bure, kwa maana dhara lile la nadra la mwili kuikataa chanjo kwa ghafula, uso ukavimba, pumzi ikabana na nguvu zikaisha, aghalabu hujitokeza katika dakika hizo, nayo dawa yake ipo palepale. Mtoto apatwaye na degedege, au aliaye saa tatu mfululizo bila kubembelezeka, au akataaye kunyonya, au apumuaye kwa shida, huyo arudishwe mara moja. Na katika nchi zetu zenye malaria kuna hadhari ya ziada: homa iliyokuja baada ya chanjo si lazima iwe ya chanjo, kwa kuwa mbu hakujua kuwa mtoto alikwenda kliniki, kwa hiyo mtoto mwenye homa apimwe damu, wala hoja ya "ni sindano tu" isimcheleweshe. Mwenye kuyavumilia hayo nyumbani kwa jina la subira amefanya uzembe, akauvisha kanzu ya subira.

Iko pia heshima ambayo watu hawaitaji mara nyingi. Surua haizuiliki mpaka watu kama 95 katika kila 100 wawe na kinga, na miongoni mwa wale watano wasalio wamo watoto wachanga ambao umri wao haujafika, na wagonjwa ambao miili yao haiwezi kuipokea chanjo. Hao wote huishi ndani ya kinga ya majirani zao. Kwa hiyo mtu atetemekaye usiku mmoja chini ya shuka huwa anatoa, pamoja na kujikinga mwenyewe, sadaka kwa mtoto wa nyumba ya pili ambaye pengine hamjui jina. Na kwa kuwa katika nyumba zetu nyingi anayekesha na mtoto mwenye homa ya chanjo ni mama peke yake, ambaye kesho yake ana shamba au soko linalomngoja, baba aridhiaye chanjo na hali usiku akalala ameridhia kwa ulimi tu. Sehemu yake ya sadaka ni kuamka.

Mchanjaji, kabla ya kuinua sindano, na amwambie mtu mambo matatu: kitakachomjia, muda wake, na lini arudi; maneno hayo hayazidi dakika moja, nayo ni sehemu ya dawa. Mchanjwa, kwa upande wake, na aulize bila haya, asikilize, na akisha kuridhia asubiri kama mtu ajuaye anachokisubiri. Na wenye mamlaka na wakumbuke kuwa imani ya watu hujengwa kwa ukweli uliosemwa mapema, na ikivunjwa kwa ukweli uliofichwa haitengenezwi kwa matangazo. Chanjo ni halali, na maumivu yake ni ya kuvumiliwa. Ila kumtaka mtu avumilie asichoelezwa ni dhuluma.